Ng'ombe Mwekundu Juu ya Keki ya Mzee Maduhu

Siku niliyoshuka Mpanda kwa mara ya kwanza haijanitoka kichwani, Mwanangu, kwa sababu nilikuwa nimekaa njiani siku tatu kwa safari ambayo watu waliniambia ni ya usiku mmoja. Treni ilitoka Tabora jioni, ikafika Kaliua, ikasimama. Mvua kubwa ilikuwa imetutangulia na sehemu ya reli ilikuwa chini ya maji. Tukakaa pale tukila mahindi ya kuchemsha na karanga. Akina mama walitandika kanga zao kwenye majani wakaanza kusukana nywele kama wako nyumbani. Kulikuwa na baba mmoja aliyekuwa anampelekea mkwe wake jogoo ndani ya kikapu. Siku ya pili tulimshawishi kwa maneno matamu, tukamla jogoo yule, na nikaambiwa baadaye kwamba mkwe alipelekewa sabuni.

Nilikuwa na miaka kama thelathini. Nilikuwa nimetoka kwetu Mpwapwa baada ya kidato cha nne, nikapaka rangi nyumba za Dodoma, nikapiga skimu, ile lipu nyembamba ya kulainisha, kwenye kuta za Singida, nikaishi Tabora mwaka mmoja na nusu. Kila mji niliupenda mpaka siku nilipouzoea, kisha mguu ulianza kuniwasha. Mpanda nilikwenda kwa sababu mtu aliniambia kuna nyumba ya wageni inamaliziwa na inatafuta fundi. Treni ilipovuka Ugalla na kuingia kwenye ile misitu isiyoisha, nilijiambia nitafanya kazi ile moja niondoke. Nilikaa miaka minne.

Nyie vijana mnaniita mzee ingawa mvi zangu bado zinahesabika. Siwakatazi. Jina hilo linanipa ruhusa ya kuwasimulia mambo niliyokosea, nami nina mengi. Leo nakupa moja tu.

Nyumba ya wageni ilipokwisha, mama mmoja wa mtaa wa Nsemulwa alinifuata akitaka nimpigie skimu ukuta wa sebule. Alikuwa anaitwa Mama Skola, Mkonongo wa kule Inyonga, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyethubutu kuikatiza. Alipika keki nyumbani kwake. Oveni yake ilikuwa sanduku la bati, mkaa chini na mkaa juu, na keki zilizotoka humo zilikwenda kwenye ubatizo, komunyo, mahafali na harusi za nusu ya mji.

Alivuta kigoda akakaa nyuma yangu siku nzima akiniangalia ninavyovuta skrepa ukutani. Mimi nikadhani analinda saruji yake. Jioni akaniambia, "Fundi, huo mkono umeupoteza kwenye kuta."

"Kwa nini, Mama?"

"Unabembeleza. Ukuta hauli. Njoo kesho nikupe kitu kinacholiwa."

Nilicheka. Mwanaume mzima, fundi rangi, niende kupamba keki? Lakini kesho yake nilikwenda, na nikaelewa kwa nini alinihitaji. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vimepinda kama vya mtu aliyeshika jembe maisha yote. Kukoroga aliweza. Kushika mfuko wa kupambia na kuukamua ili ua litoke sawasawa, hakuweza tena. Alikuwa na keki kichwani, mikono hakuwa nayo.

Akanifundisha. Keki ikitoka kwenye moto inaachwa ipoe kabisa, na anayeiharakisha ataona krimu inatiririka kama rangi iliyozidishwa maji. Kisha unakata mgongo wake ulale tambarare. Unapanga matabaka matatu, katikati krimu ya siagi na sukari laini. Halafu unapaka krimu nyembamba sana juu na pembeni, hata kama bado keki yenyewe inaonekana, kazi yake ni kushika makombo. Inakaa kwenye baridi ikauke. Hapo ndipo unapaka krimu ya pili, ile ambayo watu wataiona. Sisi mafundi rangi tunaita mkono wa kwanza na mkono wa pili. Nilipomwambia hivyo, Mama Skola alipenda, na tangu siku hiyo nyumba ile ikazungumza lugha ya kuta.

Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nalainisha keki mpaka unaweza kujiona. Mawaridi, majani, shanga, vyote nilivitoa mkononi. Watu walianza kusema, keki ya Mama Skola siku hizi ni ya yule fundi. Maneno hayo yalinipanda kichwani, Mwanangu, na sikufanya juhudi ya kuyashusha.

Sasa, mama yule alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Mteja akija, hakumuuliza anataka keki ya namna gani. Alimkalisha, akampa maji ya kunywa, akamuuliza, "Hii keki ni ya nani?" Kisha alinyamaza. Mteja angeanza kusema kuhusu mtoto aliyechelewa kutembea, au mume aliyerudi kutoka machimbo, na Mama Skola alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari la shule, halafu akamsomea mteja yale aliyoyaandika. "Ndivyo?" Mteja akisema ndivyo, basi. Mimi niliona ni kupoteza asubuhi. Keki ni keki. Andika jina, andika rangi, mtu aende zake.

Siku Kabula alipokuja, Mama Skola alikuwa amekwenda hospitali kuangaliwa vidole.

Kabula alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Kisukuma, wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia kijiji cha Kasokola wakitokea Meatu na mifugo yao kwa miguu. Alikuwa anaagwa kwao Jumamosi ya wiki ile. Unajua desturi ya sendofu: binti hupiga magoti mbele ya wazazi wake akawapa keki yao, ya shukrani, kabla hajaenda kwa mume. Hiyo ndiyo aliyoitaka. Nilikuwa katikati ya mawaridi ya keki nyingine, redio inaimba, nikamwambia, "Sema tu dada, nakusikia."

"Ni ya baba. Nataka iwe na ng'ombe juu."

"Ng'ombe!" Nikacheka. "Nyie Wasukuma hata kwenye keki mnataka kuchunga?"

Alicheka pia kwa adabu, kisha akasimulia. Kulikuwa na ng'ombe mmoja jike. Baba yake alitoka naye Meatu akiwa bado mtamba, na mifugo mingi ya zizi lao ilizaliwa na yeye. Kabula alipofaulu kwenda sekondari, ya bweni, mbali, baba yake alimtoa ng'ombe yule akampeleka mnadani mwenyewe, asubuhi, bila kumwambia mtu. Tangu siku hiyo hakuwahi kumtaja. Wala Kabula hakuwahi kumshukuru, kwa sababu huwezi kumshukuru mtu kwa jambo ambalo hataki ujue kwamba unalijua.

"Baba hana hata picha yake," aliniambia. "Nataka amwone tena. Fundi, ni mwekundu, siyo kahawia. Ana mkanda mweupe unaanzia begani unashuka mpaka tumboni, upande wa kushoto. Pembe yake moja imeinamia chini. Na sikio la kulia limekatwa ncha. Usisahau sikio."

"Sawa, dada."

"Huandiki?"

"Iko hapa," nikasema, nikagusa paji la uso kwa kidole chenye krimu.

Mwanangu, haikuwa hapo. Nilikuwa nimesikia neno ng'ombe, mengine yalikuwa yameenda na redio.

Ijumaa nilipaka keki yake, matabaka matatu, nyeupe safi, kingo zimenyooka. Jumamosi asubuhi nikakaa kumchora ng'ombe. Nikajaribu kukumbuka, nikaona giza. Nilikumbuka kuna weupe mahali. Ningeweza kumtafuta Kabula, namba yake ya simu ilikuwa kwenye karatasi ukutani. Lakini kumpigia ilikuwa ni kukiri kwamba sikumsikiliza. Basi nikafungua simu yangu nikatafuta picha ya ng'ombe mzuri kuliko wote. Nikampata. Mweusi na mweupe, mnene, kiwele cha waridi kimejaa, amesimama kwenye majani mabichi. Nikamchora yule. Nikamzungushia maua na shanga za dhahabu. Nakiri kwamba ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Mama Skola akatoka chumbani akiwa amevaa kitenge cha kutokea. Akaisoma keki kwa muda mrefu. Hakuwa amemsikia Kabula, hakuwa na kitu cha kulinganisha. Alikuwa na mimi tu.

"Huyu ndiye ng'ombe aliyemtaka?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa, na ningeupita bila kuinama. Nikasema, "Ndiye, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Weka gunia bichi juu ya boksi. Jua la leo kali."

Tulikwenda Kasokola kwa gari dogo la ndugu wa bibi harusi, mimi nimeipakata keki, Mama Skola mbele akimwambia dereva apunguze kila alipoona shimo na hata mahali ambapo hapakuwa na shimo. Tulifika saa nane mchana. Maturubai yalikuwa yamefungwa, watu wamejaa, ngoma inajaribiwa. Tukapelekwa kwenye stoo ya mahindi nyuma ya nyumba ili keki ikae kivulini, na Kabula akaja kuiona akiwa amevaa gauni lake, amependeza, anahema kwa furaha. Kaka yake, Shija, alikuja nyuma yake.

Nikafungua boksi.

Hakupiga kelele. Alitazama, akatazama tena, kama mtu aliyefungua barua akakuta ni ya jirani. Kisha akasema polepole, "Huyu siyo."

Shija akainama. "Ehe! Huyu wa wapi? Huyu ng'ombe anakamuliwa kwa mashine. Ukimleta zizini kwa baba atauliza choo kiko wapi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe, maana Kabula alikuwa ameshika mdomo na macho yake yalikuwa yamejaa. "Nilikwambia sikio," aliniambia. "Nilikwambia sikio, fundi. Sasa nitampa nini? Nimsujudie na ng'ombe wa kigeni, aone kwamba hata simjui aliyenisomesha?"

Mama Skola aligeuka akanitazama. Mpaka leo natafuta jina la mtazamo ule. Hasira ingekuwa nafuu. Alinitazama kama mtu anayepekua mfuko wake akijua kitu alikiweka humo, na hakipo.

Lakini hakunigombeza. Aliuliza, "Keki inatoka saa ngapi?"

"Baada ya chakula," alisema Shija. "Sahani ndiyo zinaanza kugawiwa."

"Kabula, mama, nenda ukakae na watu. Jipanguse uso. Baba yako asikuone hivyo. Wewe kaka, baki hapa. Ulimchunga huyo ng'ombe?"

"Miaka sita."

"Vizuri. Fundi, kwangua."

Nikasita. Niliangalia maua yangu, shanga zangu, ile kazi ya asubuhi nzima.

"Kwangua!"

Nikashika skrepa nikakwangua. Ng'ombe wa kwenye simu akaondoka na majani yake, maua yakawa donge moja la rangi ya matope kwenye sahani. Mkono wa pili wote ukatoka upande wa juu. Mkono wa kwanza ulibaki umeshika, hakuna kombo lililonyanyuka, nikashukuru moyoni kwa kitu kimoja nilichokuwa nimekifanya kama nilivyofundishwa. Mama Skola alikuwa na kibuyu cha plastiki chenye krimu nyeupe ya akiba, ile ya kuzibia palipogusika njiani, na vichupa vya rangi ya chakula ndani ya mkoba. Tukapata weupe wa kutosha kufunika. Sasa nyekundu.

"Nyekundu gani?" nikamuuliza Shija.

Akafikiri. Akatoka nje, akarudi na donge la udongo wa kichuguu kwenye kiganja. "Hii. Ikilowa."

Mama Skola akalitemea mate kidogo donge lile, rangi yake ikaiva, na tukachanganya nyekundu na kahawia za vichupani mpaka zikalingana nalo. Stoo ilikuwa ya moto, siagi ilianza kulegea ndani ya mfuko, mstari nilioutoa ulikuwa unatanuka kabla sijafika mwisho. Mama Skola alinipepea kwa mfuniko wa sufuria. Shija alichuchumaa uso wake karibu na wangu, akaanza kunielekeza.

"Aa, hapana, umempa kiuno cha mbuzi. Mjaze. Huyo alizaa mara tisa."

"Hivi?"

"Zaidi. Shingo fupi. Mkanda unaanzia hapa. Fundi, siyo hapo, hapa, kwenye bega. Shusha. Haukunyooka, ulipinda kidogo kama mtoto kaumwaga uji. Eee! Hapo hapo."

"Pembe?"

"Ishushe. Bado. Akienda kunywa, ile pembe ndiyo ilikuwa inaanza kulowa. Baba alikuwa anasema huyu anapima maji kwanza. Nilikuwa nimesahau hiyo."

Sikio nililiacha mwisho. Nilitoa tone dogo la krimu, kisha Mama Skola akachukua kijiti cha kiberiti, akakishika kwa vidole vyake vile vilivyopinda, akakata ncha ya sikio yeye mwenyewe. Kidole kilitetemeka na mkato ukawa mbaya, umechanika. Shija akatazama. "Ndivyo ulivyokuwa," akasema. "Baba alimkata kwa kisu kibovu."

Mwanangu, ng'ombe yule hakuwa mzuri. Miguu ilikuwa minene kama nguzo, krimu ilikuwa na mikunjo, mgongo ulianza kuteremka. Hakukuwa na ua hata moja. Ukimwonyesha mtu wa mjini angeuliza ni mtoto gani amechora. Nilimbeba nje, nikamkabidhi Kabula.

Mzee Maduhu, baba yake Kabula, alikuwa ameketi mbele, mrefu, mkavu, kofia kichwani, koti la suti juu ya shati lililofungwa mpaka shingoni, fimbo katikati ya magoti. Mkewe alikuwa kando yake. Kabula akapiga magoti. MC alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba baba leo atalishwa na binti, vigelegele viko wapi, na vigelegele vikaja. Mzee alitazama keki kama watu wanavyotazama kitu cha sherehe, kwa adabu tu. Kisha akainama. Akainama zaidi. Aliweka fimbo chini.

MC alikuwa na akili, akashusha kipaza sauti.

Mzee akanyoosha kidole mpaka karibu na sikio, hakuligusa. Akamuuliza binti yake kwa sauti ambayo sisi wa nyuma tulilazimika kuinyamazia, "Hili nani alikuambia?"

"Niliona, baba," alisema Kabula. "Siku ile nilikuwa nyuma ya zizi. Nilikuona ulivyomshika sikio kabla hujafungua zizi."

Mzee alikaa na kichwa chake chini mpaka mama mmoja nyuma yangu akaanza kusali. Halafu akavua kofia, akajipangusa uso kwa kofia ile kama anayefuta jasho, na jua kweli lilikuwa kali, anayetaka kuamini ni jasho aamini.

MC akarudi kazini. "Baba sasa akate keki! Kisu kiko hapa!"

Mzee Maduhu akakitazama kisu, akatikisa kichwa. "Huyu nilishamtoa mara moja," akasema. "Kateni huku pembeni."

Watu wakapasuka kwa kicheko, na yeye akacheka nao, na Kabula akamlalia magotini akicheka na kulia vyote kwa pamoja. Walikata pembeni. Sehemu ya ng'ombe ilirudishwa ndani. Shija aliniambia baadaye kwamba ilikaa kwenye meza ya baba yake mpaka krimu ikakauka ikawa ngumu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuisogelea.

Nilidhani nimesamehewa. Watu walinishika mkono, wakanipa soda, na mimi nikaanza kujiona shujaa wa stoo. Mama Skola hakusema neno mpaka tulipokuwa njiani tunarudi, dereva amezama kwenye wimbo wake.

"Keki mbaya naweza kuisamehe," alianza, "hata mimi nimeunguza za watu. Kutosikiliza pia nasamehe, u kijana, masikio yako yako kwenye mikono yako. Lakini nilikuuliza. Nilikuuliza ndiye, ukaniambia ndiye."

"Nisamehe, Mama."

"Vidole vyangu vimekufa, nikachukua vyako. Ukinidanganya, mimi sina mikono tena. Unaelewa? Nitakuwa nimekaa pale nyumbani sijui ninachompelekea mtu."

Nilitazama mashamba ya mahindi yakipita. Nilikuwa nimezunguka nchi, nimesifiwa na matajiri kwa kuta zao, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa ananiegemea.

Kuanzia Jumatatu hakunipa mfuko wa kupambia. Mwezi mzima nilikaa mlangoni na lile daftari la shule. Mteja akija nilimpa maji, nikamuuliza keki ni ya nani, nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko mawaridi, Mwanangu, wewe jaribu. Mwanzoni nilinyamaza huku ninawaza yangu. Taratibu nikaanza kusikia. Nikamsikia baba aliyetaka keki ya mwanawe iandikwe jina bila mwaka, kwa sababu mwaka ule ulikuwa na msiba. Nikamsikia bibi ambaye hakuwahi kukatiwa keki maisha yake yote akaja kujiagizia mwenyewe, rangi ya njano, akiona aibu. Niliandika, niliwasomea, niliwauliza ndivyo. Mwezi ulipokwisha Mama Skola akaweka mfuko wa kupambia mezani mbele yangu bila hotuba, akaenda kuwasha mkaa.

Miaka ikaenda. Akaja mpwa wake kutoka Inyonga, Anjela, binti mpole, nikamfundisha mkono wa kwanza na mkono wa pili, na baada ya mwaka maua yake yalikuwa yanapita ya kwangu. Niliona jambo hilo likanifurahisha, na hapo hapo nikasikia mguu unawasha. Nilikuwa nimeuzoea mji. Kulikuwa na kazi Sumbawanga, na baada ya Sumbawanga nilijua kutakuwa na pengine.

Siku ya kuondoka Mama Skola alinisindikiza stendi asubuhi, ingawa nilimkataza. Alisimama kando ya basi akiwa amejifunga kanga mabegani kwa baridi ya Juni.

"Utarudi lini?" akaniuliza.

Katika kila mji nilioondoka, swali hilo nililijibu kwa urahisi. Mwezi ujao. Sikukuu. Mvua zikiisha. Nililisema kwa wenye nyumba, kwa marafiki, kwa mwanamke mmoja wa Tabora ambaye hakustahili kuambiwa hivyo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamwangalia mama yule, nikalimeza.

"Sijui kama nitarudi, Mama."

Akaniwekea mkono begani, ule mkono uliopinda. "Ahsante," akasema. "Sasa najua namna ya kukuombea."

Basi likaondoka kuelekea kusini. Sijarudi tena Mpanda.

Basi, Mwanangu, wewe unayeanza kuishi kwa mikono yako, iwe ni keki, ni nywele, ni cherehani, ni ukuta: mtu akija kwako, muulize kazi hii ni ya nani, halafu funga mdomo mpaka amalize. Anachokuletea siyo kipimo cha ufundi wako, ni kitu chake anachoogopa kukipoteza. Kama hukusikia, rudi ukaulize, hata ukionekana mjinga, maana ujinga wa dakika moja unavumilika. Ukikosea, kwangua mapema, usiyaonee huruma maua yako. Na mtu anayekuegemea akikuuliza ndiye, mwambie kweli, hata kama kweli hiyo ni kwamba hujui.

Mungu akupe kazi isiyokuaibisha na masikio ya kuipokea. Akupe mtu wa kukwambia kwangua kabla sahani hazijaisha kugawiwa. Popote mguu wako utakapokupeleka, ukute mlango, ukute maji ya kunywa, na siku utakayoondoka uache nyuma yako watu wanaojua namna ya kukuombea. Amina.